Kidonda Kisichopona: Tuambie Unavyokisikia

Leo tuzungumze juu ya kidonda cha mguu kilichopita wiki 6 bila kupona.

Mama mmoja muuza mboga alikuwa akija kwangu kila Jumatatu asubuhi, ana kidonda juu ya kifundo cha mguu. Nilisafisha, nikafunga, nikaandika kwenye kadi: bado. Miezi 4 ikapita hivyo. Siku moja akaniambia, "Sista, wewe unakiangalia asubuhi. Mimi kinaniuma jioni, mguu ukishavimba."

Ndipo nikamuuliza husimama sokoni kwa muda gani. Kutwa nzima! Kumbe mishipa inayorudisha damu moyoni ilikuwa imelegea. Daktari alipima kwanza kama damu inafika vizuri mguuni, kisha akafungwa bandeji ya kubana na kuambiwa ainue mguu kila akiketi. Kidonda kikaanza kupungua. Habari hiyo alikuwa nayo tangu mwanzo, ila sikuwa nimeuliza.

Kwa hivyo ukija kliniki, sema. Kinauma saa ngapi? Bandeji inalowa kabla ya siku ya kubadilishwa? Ukifungwa, vidole vinakuwa baridi au vinakufa ganzi? Kinanuka hata umeacha kwenda kanisani? Hilo la harufu watu huona haya, na sisi wauguzi mara nyingi hatuulizi. Mtoto wa shule anaweza kukuandikia kwenye daftari kila jioni, maneno mawili tu.

Tuambie pia ulichopaka, iwe majani, mafuta ya taa au unga wa kapsuli. Sitakugombeza. Lakini unga huo hauponyi kidonda, na unaweza kuwasha ngozi ikaharibika zaidi.

Wewe mwenye kisukari, usifurahi kwamba hakiumi. Sukari huua fahamu za miguu. Mtu hukanyaga msumari na kuendelea kulima. Kutosikia maumivu ni habari, tena kubwa. Mwenye seli mundu naye ataje ugonjwa wake mapema, maana huleta vidonda vya kifundo.

Na ukiona homa, ngozi imekuwa ya moto na uvimbe unapanda, au kidole kimegeuka cheusi, usingoje Jumatatu. Njoo siku hiyo hiyo.