Stika ya Tofaa Inasema na Nani?

Mada kwa semina ya wanunuzi wa nyumbani, Donholm

Keshia wa supamaketi hana haja ya kujua kama tofaa aliloshika ni tamu. Anachotaka ni bei. Hiyo ndiyo kazi ya ile stika ndogo tunayoibandua kwa ukucha na kuiacha pembeni mwa sinki. 4011 ni ndizi mbivu ya kawaida. Avokado ya Hass ni 4046 ikiwa ndogo, 4225 ikiwa kubwa. Nambari hizi zilianza kutumika 1990, ni za hiari, na hazitaji dawa iliyonyunyizwa wala siku tunda lilipochumwa.

Zikiwa tarakimu tano na ya kwanza ni 9, tunda linauzwa kama zao la kilimo hai. Kuhusu 8, ule ujumbe wa WhatsApp kwamba ni alama ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, hauna msingi. Nafasi hiyo iliwahi kutengewa mazao hayo, lakini haikutumika madukani, na baadaye ikafunguliwa kwa mazao ya kawaida. Tangu Baraza la Mawaziri litangaze, Oktoba 2022, kuondoa marufuku ya 2012 dhidi ya mazao hayo, ni haki yetu kuuliza kuhusu GMO. Ila stika haitatujibu.

Sasa chukueni pakiti ya hoho iliyopimwa kwenye mizani ya duka. Msimbopau wake aghalabu huanza na 2, yaani ni wa matumizi ya ndani ya duka, wenye bei au uzito. Chini yake pana tarehe, na hapo tusome polepole: mara nyingi ni ya kupakia. Hoho ingeweza kulala siku kadhaa kabla ya kufungwa plastiki na bado ikabeba tarehe ya leo. Mimi huangalia kikonyo kwanza, tarehe baadaye.

Lakini tuseme ukweli, wengi wetu hapa hatuli mboga zenye lebo. Sukuma wiki na dhania tunanunua kwa mama mboga, aliyeamka alfajiri kwenda soko la Marikiti au Mutindwa. Gunia halina karatasi. Kenya inacho kiwango, KS 1758, kinachomtaka mkulima wa mboga na matunda aweke kumbukumbu za dawa alizotumia ili zao liweze kufuatiliwa hadi shambani. Wanunuzi wa Ulaya wamezoea kudai kumbukumbu kama hizo. Sisi tunadai kuongezewa kidogo, basi.

Alama moja iliyotungwa kwa ajili yetu ni Kilimohai, ya Afrika Mashariki, inayofuata kiwango cha kilimo hai kilichopitishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Vikundi vya wakulima wadogo vinaweza kuipata kwa kukaguana vyenyewe kwa utaratibu maalumu, bila gharama kubwa ya wakaguzi wa nje.

Pendekezo langu ni dogo. Tuanze na sukuma wiki peke yake. Kila mmoja amuulize mama mboga wake imetoka wapi, imevunwa lini, na ilinyunyiziwa dawa lini mara ya mwisho; kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna. Hilo la tatu huenda asilijue, naye atalazimika kumuuliza broka. Kikao kijacho tulete majibu, hata yale ya “sijui”, kisha tuamue kama nyumba zetu zinatosha kuagiza gunia moja kwa wiki kutoka kikundi chenye Kilimohai, lipitie kwa mama mboga huyo huyo, naye apate faida yake.