Matofali ya Nyumba, Mashimo na Malaria

Leo tuzungumzie matofali ya kujengea nyumba.

Hapa magharibi mwa Kenya wengi wetu hujenga kwa matofali ya kuchoma. Ni imara, lakini yana gharama ambayo fundi haiandiki kwenye hesabu yake. Kwanza, tanuri hula miti mingi, na moshi wake huwasumbua watoto wenye pumu. Pili, mahali udongo ulipochimbwa hubaki shimo. Mvua ikinyesha, shimo hujaa maji, na mbu aina ya anofelesi hutaga mayai humo. Baada ya siku 7 hadi 14, mayai hayo yamekuwa mbu wanaoruka. Hao ndio wanaoeneza malaria. Tena, mtoto mdogo anaweza kuzama katika shimo hilo.

Je, tufanyeje? Yako matofali yasiyochomwa. Udongo wa chini, wenye mchanga kiasi, huchanganywa na simiti kidogo na maji, kisha hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Mwambie fundi aupime udongo kwanza, kwani ule mweusi wa mfinyanzi hupasuka. Matofali hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku 7 au zaidi, yakomae polepole kivulini. Kuni hazihitajiki. Mashine ikiwa ni ya kukodi, kikundi cha akina mama kinaweza kuchanga pamoja. Jengeni juu ya msingi wa mawe, na paa litokeze nje ya ukuta ili mvua isiule.

Matofali haya nayo hutoka ardhini. Kwa hivyo, mkichimba choo au msingi, tumieni udongo huo ukifaa. Mkilazimika kuchimba kwingine, fukieni shimo mara kazi inapoisha. Mashimo ya zamani pia yafukieni, au chimbeni mfereji maji yatoke.

Hata baada ya hayo, laleni ndani ya neti iliyotiwa dawa. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya apimwe damu kabla ya saa 24 kwisha.

Mama, kabla baba watoto hajaagiza matofali, ketini mzungumze. Muulize: yamechomwa kwa kuni za wapi, na shimo lake litafukiwa na nani?