Dawa za Sonona na Wasiwasi: Ukinenepa au Ukikonda, Njoo Useme

(Mazungumzo ya muuguzi wa kliniki ya afya ya akili na wagonjwa waliokuwa wakisubiri zamu zao. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo.)



Leo tuzungumze jambo ambalo wengi hulinong'ona nje ya kliniki, lakini wakiingia ndani hawalisemi. Ni uzito wa mwili kwa mtu anayetumia dawa za sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha, au dawa za wasiwasi uliopita kiasi.

Miezi mitatu iliyopita mama mmoja aliletwa hapa na watoto wake. Ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Alikuwa anaendelea vizuri: usingizi ulirudi, na bustani yake ya mboga alianza kuilima tena. Kisha gauni likaanza kumbana. Kwenye foleni ya mgawo akasikia wenzake wakisema, "Posho yetu ni moja, huyu ananenepea nini?" Akaona aibu, akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Baada ya wiki tatu alikuwa halali, hali, wala hazungumzi na watoto.

Hapa kambini tunaishi karibu karibu, na kila mtu anautazama mwili wa mwenzake. Ukinenepa, unaambiwa unaiba. Ukikonda, unaambiwa una Ukimwi. Usikubali maneno hayo yakuachishe dawa inayokusaidia.

Kwa nini uzito hubadilika?

Kwanza, ni ugonjwa wenyewe. Wengi wenye sonona hukosa hamu ya kula wakakonda, na wengine hula kupita kiasi. Aliyekonda kwa ugonjwa akianza kupona, hamu hurudi na mwili hurudi. Kilo hizo ni dalili ya nafuu.

Pili, ni dawa. Amitriptilini, ambayo kwa kawaida humezwa usiku kwa sababu huleta usingizi, inaweza kuongeza hamu ya kula na kuongeza uzito. Pia hukausha mdomo, na ukituliza kiu kwa soda au chai yenye sukari nyingi, uzito utazidi. Fluoksetini, ambayo kwa kawaida humezwa asubuhi, mwanzoni inaweza kuleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya kula, hata mtu akapungua kidogo. Kwa wengi hali hiyo hupoa baada ya wiki chache. Wapo pia wanaoongezeka uzito wakiitumia muda mrefu. Watu hawafanani.

Tatu, usidhani kila badiliko limetokana na dawa. Ukikonda huku una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au jasho la usiku, njoo upimwe kifua kikuu. Ukikonda huku una kiu sana na unakojoa mara kwa mara, njoo upimwe kisukari. Mama ukiona una mimba, tuambie mapema, lakini usiache dawa kabla ya kutuona. Na kama sababu ni njaa, kwa kuwa posho imekwisha kabla ya siku ya mgawo, sema hivyo hivyo. Si aibu.

Kwa nini usiache ghafla?

Dawa hizi hazitulizi siku ile ile kama dawa ya kichwa. Nafuu huchukua wiki 4 hadi 6 kuonekana. Hata ukijisikia umepona, inashauriwa kuendelea miezi 9 hadi 12 ili ugonjwa usirudi. Ukiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi mwingi, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Wakati wa kuacha ukifika, kipimo hupunguzwa polepole, kwa wiki 4 au zaidi, kwa maelekezo ya mganga.

Wala usimpe jirani vidonge vyako eti naye anenepe. Amitriptilini ikizidi kipimo inaharibu mapigo ya moyo na inaweza kuua, na kwa mtoto vidonge vichache tu ni hatari. Vifungie mahali ambapo watoto hawafiki.

Ufanye nini basi?

1. Pima uzito kila unapokuja kuchukua dawa. Tumia mizani ile ile, bila viatu, na kilo ziandikwe kwenye daftari lako. Mwenye kilo 60 akiongezeka au kupungua kilo 3 ndani ya mwezi mmoja, asingoje tarehe yake. Aje.

2. Mdomo ukikauka, kunywa maji safi. Punguza soda na sukari.

3. Anayenenepa asijinyime chakula. Apunguze kidogo ugali, aongeze maharage na mboga kama lengalenga, matembele au sombe, na mafuta ayapime kwa kijiko.

4. Anayekonda ale kidogo kidogo mara nyingi. Akipata dagaa au karanga, aongeze. Fluoksetini ikimletea kichefuchefu, aimeze baada ya kula.

5. Tembea nusu saa kila siku, mchana, mahali penye usalama. Kutembea kunasaidia mwili, na mawazo pia.

6. Usichanganye dawa hizi na pombe, iwe ya chupa au gongo.

Mganga naye anaweza kurekebisha kipimo, kukubadilishia dawa polepole, au kukupangia mazungumzo ya ushauri. Dawa tulizo nazo si za aina nyingi, na siwezi kukuahidi kwamba kila kilo itaondoka. Lakini hatuwezi kukusaidia kwa jambo ambalo hukulisema.

Kwenu majirani, nawaomba jambo moja. Mwenzenu akibadilika mwili, msimhesabie posho. Mwulizeni kama analala na kama anakula. Mkimwona amejifungia ndani, msindikizeni hapa.

Na wewe ukifikia kuona heri kufa, usingoje siku ya kliniki. Njoo kituo cha afya saa ile ile, hata kama ni usiku. Mwamshe mtu akusindikize, usije peke yako.

Yule mama tulimbadilishia dawa, kidogo kidogo. Uzito wake haujarudi ulivyokuwa zamani, na gauni lile amempa binti yake. Lakini analala, na wiki iliyopita alikuja na fungu la matembele, akaniambia, "Dada, haya ni ya bustani yangu."

Nimemaliza. Mwenye swali aulize hapa, na anayeona haya aniulize ndani. Tutakayoyasema humo hayatatoka nje.