Chombo cha Mkononi kwa Mwanafunzi wa Famasi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wahitimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati imeniomba niseme juu ya jambo moja tu. Chama chetu kimechanga fedha za kuwanunulia vifaa vijana wetu wanaokwenda kusomea famasi, na swali lililoletwa mezani ni hili: tuwanunulie chombo gani, na ndani yake waweke kitabu gani cha dawa? Wengine wamesema vishikwambi, kama vile vya Sensa ya mwaka 2022 walivyokabidhiwa walimu baadaye. Wengine wamesema simu. Mimi nimekaa katika kazi hii miaka mingi kidogo, na kwa kuwa niliwahi kukosea, naona nina haki ya kusema.

Mwaka 2004, nikiwa mwanafunzi, nilikuja Kibondo kwa mafunzo ya vitendo nikiwa na Palm m100 mfukoni. Alinipa daktari mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Vijana hamkiijui chombo hicho: kilikuwa kompyuta ndogo ya kiganjani, isiyopiga simu, unaandika juu ya kioo kwa kijiti. Ndani yake mlikuwamo Epocrates, programu ya Kimarekani ya dawa. Nilijiona mkubwa sana. Wenzangu walikuwa na madaftari.

Palm ile ilitumia betri mbili ndogo, na kumbukumbu yake yote iliishi kwa nguvu ya betri hizo. Zikiisha kabisa, kila kitu kinafutika. Wiki ya pili betri ziliisha usiku, na asubuhi nikafungua nikakuta chombo kitupu kama siku kilipotoka kiwandani. Kukijaza tena kulihitaji kompyuta, waya wake, na intaneti. Nikaazima daftari la mwenzangu.

Lakini hata kabla betri hazijaisha, chombo kile kilikuwa kimeanza kunipa taabu. Nilitafuta paracetamol sikuiona, kwa sababu Wamarekani huiita acetaminophen. Salbutamol kwao ni albuterol. Na jina si kitu kikubwa, mtu huzoea. Hatari iko kwenye chupa. Dawa ya maji ya watoto ya acetaminophen ya Marekani ina miligramu 160 katika mililita 5. Ile tuliyozoea sisi, kwa desturi ya Kiingereza, ina miligramu 120 katika mililita hizo hizo. Ukisoma mililita kwenye programu ya Marekani ukamimina kutoka chupa yetu, mtoto anapata robo pungufu. Basi vijana, someni miligramu kwanza, kisha mtazame chupa iliyo mkononi mwenu.

Na huku kwetu mpakani chupa zenyewe hazizungumzi lugha moja. Atakayefanya kazi Kibondo au Kasulu ataletewa na wagonjwa makasha yaliyoandikwa Kifaransa, yaliyovuka kutoka Burundi, au yaliyokuja na ndugu zetu wa Kongo walioko Nyarugusu tangu mwaka 1996. Kwa sababu hiyo naipenda sana miongozo ya Madaktari Wasio na Mipaka, MSF. Inatolewa bure, inasomeka kwenye simu bila mtandao, na inapatikana kwa Kiingereza na kwa Kifaransa pia. Tena imeandikwa kwa ajili ya mahali penye dawa chache na wagonjwa wengi, yaani mahali kama hapa.

Hata hivyo msingi wa yote uwe Mwongozo wa Matibabu wa Taifa pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la mwaka 2021. Faili lake huingia katika simu yoyote. Medscape nayo ni ya bure, na hifadhi yake ya dawa unaweza kuishusha ukaitumia bila mtandao. Ni nzuri kwa kutazama dawa zinazogombana, mradi ukumbuke kuwa ni ya Wamarekani. BNF ya Waingereza naiheshimu, ila kitabu chake hutoka mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na sioni mwanafunzi wa kwetu atakayemudu kufuatana nacho.

Sasa nataka niseme juu ya tarehe ya toleo, maana hapa ndipo mtu huua. Wazee mnakumbuka klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha, tukaingia SP; mwaka 2006 tukaingia ALu. Aliyebaki na kitabu cha zamani alibaki na dawa isiyoponya. Na si majina ya dawa tu yanayobadilika. Sindano ya artesunate kwa malaria kali ilikuwa miligramu 2.4 kwa kilo kwa kila mgonjwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likasema mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo.

Niliwahi kumsimamia kijana mmoja, hodari, katika kituo ambacho sitakitaja. Aliletewa mtoto wa kilo 10, amezimia. Akafungua simu yake nzuri, akapiga hesabu bila kukosea hata nukta: miligramu 24. Muuguzi mzee aliyekuwa karibu akatazama karatasi iliyobandikwa ukutani, akasema, “Mwanangu, hapa pameandikwa thelathini.” Tukalitazama faili lile: lilikuwa la mwaka 2012. Alirithi kwa kaka yake pamoja na simu. Mtoto alipewa thelathini. Mimi msimamizi nilikuwa sijawahi kumuuliza ana toleo gani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ushauri wangu kwa kamati ni simu, wala si kishikwambi. Simu huingia katika mfuko wa koti jeupe. Kishikwambi huachwa mezani, na kinachoachwa mezani hupotea. Iwe ya Android, yenye betri kubwa kuliko urembo wa kamera, na kioo kinachosomeka juani. Fedha itakayobaki isiishie kwenye makava. Iwekwe kwa ajili ya bando, ili kila muhula kijana apate kushusha matoleo mapya.

Simu yangu ninayo hapa, na miongozo niliyoitaja imo. Wa Kidato cha Sita wanaotaka kuitazama wanifuate bwaloni baada ya chakula. Mje na penseli, nitawapa kilo za mtoto na chupa mbili tofauti, mnipigie hesabu.