Nilivyoingia kwenye uwakili bila mjomba mahakamani

Wengi mlioshindwa kuja Jumamosi mmeniomba niweke hapa niliyoyazungumza kwenye kongamano la vijana wa jimbo. Sikuwa na hotuba iliyoandikwa, nilikuwa na kikaratasi cha vidokezo tu. Nimejaribu kuyaandika kama nilivyoyasema, isipokuwa utani wa mwanzo ambao hata ukumbini haukuchekesha mtu.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa meza kuu, makamanda wenzangu, salaam.

Nimepewa mada inaitwa "Kijana na ushindani wa ajira". Mada hii ni kubwa kuliko mimi. Mi si mtaalamu wa ajira, ni wakili tu, tena wa kawaida, wale mnaowaona na begi lililochakaa pale Kisutu. Kwa hiyo nitazungumzia mlango mmoja ninaoujua, huo wa sheria. Wewe wa uhasibu au wa uandishi wa habari, chukua kitakachokufaa.

Tuanze na ukweli wenyewe. Juni 2014, wengine hapa mlikuwa shule ya msingi, Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70. Walioitwa kwenye usaili walikuwa zaidi ya 10,000, wakaketishwa Uwanja wa Taifa, kwenye viti vya kutazamia mpira. Picha zile zilizunguka nchi nzima. Mimi nilikuwa na shahada yangu ya sheria, nimekaa kwa shangazi Mbagala, naziangalia kwenye simu ya binamu. Nilijiuliza swali moja: kama mimi ndiye ningekuwa nachagua, kati ya hawa elfu kumi wote wenye vyeti, ningejuaje nani anaweza kazi? Sikupata jibu. Ndipo nikaelewa kwa nini watu wanasema "bila koneksheni hupati". Pale ambapo vyeti vyote vinafanana, mtu humchukua anayemjua. Saa nyingine ni mtoto wa kaka yake, na huo ni uozo, tunaupinga na tutaendelea kuupinga. Lakini saa nyingine ni yule kijana aliyemwona akifanya kazi. Hayo mawili tumeyatia kapu moja, na hapo ndipo tunapojiumiza.

Sasa sheria. Ukimaliza chuo kikuu wewe bado si wakili. Unaenda Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, pale Sam Nujoma. Unasoma, unapelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, unafanya mitihani. Ukipita, unaomba kupokelewa, unaapishwa na Jaji Mkuu. Mnakumbuka matokeo ya Oktoba 2022? Watahiniwa 633. Waliofaulu moja kwa moja 26. Waliopigwa sapu 342. Waliodisko 265. Nchi ikatikisika, serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kila mtu alikuwa na mchawi wake: vyuo vikuu, wahadhiri, Kiingereza, vijana wa siku hizi na simu zao.

Mjadala ule siurudii. Ila niseme nilichokiona kwa waliokuja kwangu kusaidiwa baada ya hapo. Karibu wote walikuwa hawajawahi kukaa mahakamani hata siku moja kabla ya kuingia pale. Mtu anaulizwa namna ya kumhoji shahidi kwa maswali ya dodoso, na hajawahi kumwona shahidi akihojiwa. Anakariri. Na kukariri kitu ambacho hujawahi kukiona ni kazi ngumu sana, bora hata ukariri namba za simu.

Mimi niliingia mahakamani kwa sababu ya umaskini, si kwa ujanja. Sikuwa na ada ya Shule ya Sheria. Nilipeleka barua za kuomba kujitolea kwenye ofisi ishirini na kitu, sikujibiwa hata na moja. Nyumbani shangazi alikuwa anaamka saa tisa usiku kupika vitumbua, na mimi msomi nimelala. Aibu ikanitoa. Nikawa naenda Kisutu asubuhi kama mwajiriwa, shati limenyooshwa, naingia ukumbini na kukaa nyuma. Mahakama ni ya wazi, makamanda. Isipokuwa mashauri machache yanayosikilizwa faragha, yale ya watoto na mengine ya aina hiyo, hakuna wa kukuuliza umefuata nini ukikaa kimya na simu umezima. Hiyo ni shule ya bure, na viti vingi havina mtu.

Nilikuwa na daftari. Naandika namba ya shauri, hakimu, mawakili, nini kimetokea, limeahirishwa mpaka lini na kwa sababu gani. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu nikirudi nyumbani niwe na cha kuonyesha. Mwezi wa pili, wakili mmoja mtu mzima katoka mbio kwenye korido, jasho linamtoka, kachelewa, shauri lake limeshaitwa. Anamtafuta karani hamwoni. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. La kwako limetajwa saa tatu na nusu, upande wa pili walikuwepo, limepangwa kusikilizwa tarehe 14 mwezi ujao." Nikamwonyesha daftari. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe dogo ni wa nani?" Nikamwambia si wa mtu.

Ile "si wa mtu" ndiyo iliyokuwa koneksheni yangu ya kwanza. Baada ya wiki akanipigia nimtafutie tarehe ya shauri lingine. Halafu akanituma masjala, halafu nikawa namtafutia hukumu za kesi zilizopita. Alinipa nauli, elfu tano, siku nyingine elfu kumi. Hakuniajiri, ofisi yake ilikuwa chumba kimoja na yeye mwenyewe alikuwa anadaiwa kodi. Lakini ndiye aliyeniandikia barua ya kwanza ya utambulisho maishani mwangu, na aliweza kuiandika kwa sababu alikuwa na kitu cha kuandika.

Leo ninyi mna rahisi na mna gumu. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zipo TanzLII, bure, kwa bando tu. Mimi nilikuwa nakesha napiga chapa nakala. Mashauri yanafunguliwa kwa mtandao, kwa hiyo pale kwenye korido pamepungua watu, na mtu wa kumwambia tarehe hayupo. Ila kuna mlango mwingine umefunguka na vijana wengi hawauoni: mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Wako mawakili wakubwa, wazuri kabisa, ambao hawawezi kuandika hati ya madai kwa Kiswahili kilichonyooka. Wanaijua sheria kwa Kiingereza tu. Kijana anayeweza kuandika Kiswahili safi cha kisheria, si cha mkutano wa hadhara kama hiki changu, ana kitu cha kupeleka ofisini.

Nisije nikawadanganya kwamba kujitolea ni asali. Baada ya yule mzee nilipata ofisi kubwa mjini, jina nawaachia. Nilikaa miezi kumi na moja. "Mwezi ujao tutaangalia posho." Nikawa naandaa nyaraka mpaka saa nne usiku, wateja wanalipa, mimi naomba nauli kwa muuza vitumbua. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba wenzangu wangelipa wao ili wakae pale. Nikaondoka, na sikupewa hata barua.

Kwa hiyo nasema hivi, na wazee wa fani wasinichukie. Kujitolea kuwe na kikomo. Mimi sasa nawaambia miezi mitatu. Siku ya kwanza muulize bosi kwa adabu: nitajifunza nini, nitakuwa chini ya nani, na nikimaliza nitapata barua? Akicheka, ondoka mapema. Na tukumbuke anayeweza kujitolea ni yule mwenye shangazi mjini. Bila shangazi yangu leo msingeniita hapa. Kijana wa Nanyumbu au Kakonko aliyemaliza chuo na hana pa kulala Dar es Salaam, ukimwambia "jitolee upate uzoefu" umemtukana. Hilo ni jambo la sera, ni kazi yetu kama jumuiya ya vijana kulisemea: anayefanya kazi apate walau nauli na chakula. Na huduma za ajira za serikali zinazosajili wahitimu na kuwapeleka kwenye mafunzo ya uzoefu kazini, msizisuse eti ni za serikali. Ile ni kodi yako. Kajisajili.

Mwingine ataniambia, basi nianze kuandikia watu viapo na mikataba huku kitaa nipate uzoefu. Hapana, huo ni ukishoka. Sheria ya Mawakili inakataza, na siku hizi mtu anaingia e-Wakili anatafuta jina lako, halipo, umekwisha kabla hujaanza. Nenda kwenye mashirika ya msaada wa kisheria. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, mashirika yamesajiliwa, unafanya kazi chini ya wakili. Utakutana na mama aliyedhulumiwa kiwanja na hana hata risiti, na utajifunza kumsikiliza mtu saa nzima mpaka ufike kwenye hoja yenye kesi ndani yake. Darasani mimi sikufundishwa hilo.

Kuhusu kujuana. Watu wanadhani kujuana ni kupiga picha na mheshimiwa. Mimi ninazo picha hizo nyingi, hazijaniletea hata shauri moja. Walionibeba ni wenzangu sita wa kikundi cha kujisomea Shule ya Sheria. Tulikuwa tunagawana maandazi. Leo mmoja ni hakimu, mmoja wakili wa serikali, wawili wako kampuni binafsi, mmoja yuko benki, mmoja kaacha sheria analima parachichi Njombe na ana hela kuliko sisi wote. Nikikwama napiga simu. (Huyo hakimu simpigii kuhusu shauri lililo mbele yake, na akinipangiwa najua atajitoa. Ndiyo maana bado tunaheshimiana.) Kwa hiyo mtazame aliyekaa pembeni yako leo, usihangaike na meza kuu peke yake.

Kuna swali liliulizwa na kijana mmoja, nami nililipenda: je, kazi ya chama niiandike kwenye sivii? Novemba 2019, wagombea wetu wa serikali za mitaa walipoenguliwa kwa mamia, kuna vijana walikesha na kompyuta moja ya kuazima wakiandaa pingamizi na rufaa, kila moja na sababu zake, kabla muda haujaisha. Huo ni uzoefu, tena mkubwa. Mimi niliandika ya kwangu waziwazi. Nafasi mbili nilizikosa baada ya usaili uliokwenda vizuri, na nahisi sababu ni hiyo, ingawa siwezi kuthibitisha. Sitakwambia ufanye kama mimi. Wewe ndiye mwenye mama anayekusubiri utume hela. Ninachosema, ukiandika, andika kazi, usiandike kaulimbiu: uliandaa nyaraka ngapi, ulisimamia mawakala wangapi, kwa muda gani.

Halafu dada mmoja wa nyuma akasimama akaniuliza: "Kaka, umesema uende ofisini ukajitolee. Mimi nimeenda tatu, mbili nimeombwa rushwa ya ngono. Hilo mbona hujaligusa?"

Ukumbi ulinyamaza. Na kweli sikuwa nimeligusa, wala halikuwa kwenye kikaratasi changu. Nilizungumza dakika arobaini kama vile kila anayeingia ofisini ni mwanaume. Nilimjibu nilichoweza. Ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe, usifute hata kwa hasira. Mwambie mtu siku hiyohiyo. TAKUKURU wapo. Lakini nilipomaliza niliona usoni mwake kwamba hayo yote alikuwa anayajua, na kwamba anayeripoti ndiye anayebaki bila nafasi huku yule mzee akiendelea kuchukua vijana wengine. Baada ya kikao tulikaa naye pamoja na Katibu wa jimbo na mawakili wawili wa kike. Tumekubaliana kutengeneza orodha ya ofisi ambako dada zetu wamefanya kazi na kuheshimiwa, tuanze kuwapeleka huko, wakienda wawili wawili. Orodha ina ofisi tisa mpaka leo. Wanasheria mnaosoma hapa, mnaweza kuongeza ya kwenu kupitia kwa Katibu.

La mwisho lilikuwa tangazo. Jumatatu nina shauri Kisutu saa tatu asubuhi. Nachukua wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, wakae nyuma. Mje mapema, simu zimezimwa, mmevaa vizuri, na kila mtu na daftari lake. Nauli siwezi kuwalipia. Chai ya saa nne nitalipa.