Chanjo Haiuzwi, Lakini Humwagika



Watu huuliza, "Mbona zahanati ya misheni inatoa chanjo ya serikali?" Sikizeni. Tangu mwaka 1980 Kenya ina mpango wa kuchanja watoto, ulioanza kwa jina la KEPI. Zahanati ya misheni, hata kliniki ya mtu binafsi, huchukua chanjo bila malipo kutoka stoo ya serikali. Kwa hivyo chanjo yenyewe haiuzwi.

Lakini kuna masharti. Kwanza ni friji: joto lisipungue digrii 2 wala kuzidi 8, na nesi alipime asubuhi na jioni. Pili ni daftari: kila mtoto aandikwe, na ripoti ipelekwe kila mwezi.

Sasa, sisi tunaingia wapi? Chupa ya chanjo ya surua kwa kawaida ina dozi 10. Ikishafunguliwa na kuchanganywa, mwisho wake ni saa 6. Inayobaki ni ya kumwaga. Ndiyo maana mama mwingine huambiwa, "Rudi wiki ijayo." Naye ametembea mbali, basi harudi tena.

Kikundi kihesabu watoto wa miezi 9 na wa miezi 18. Patana na nesi siku moja, mwende pamoja na vitabu vya kliniki.

Na akiwa mmoja tu? Apelekwe, na chupa ifunguliwe. Heri kumwaga dozi 9 kuliko kuzika mtoto.