Nani Huhesabiwa Kuwa Mtu?



Tumekusanyika ili tutafakari neno moja la Kiingereza, nalo ni "person". Asili yake ni Kilatini, "persona", lililotaja kinyago cha mwigizaji. Wanasarufi hulitumia kwa maana ya nafsi: anenaye ni nafsi ya kwanza, aambiwaye ni ya pili, asemwaye ni ya tatu. Nasi tunalifahamu neno nafsi, kwa kuwa tunakiri Nafsi tatu katika Mungu mmoja. Kwa wanasheria, "person" ni yeyote awezaye kuwa na haki na wajibu, kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa.

Maana hizo mbili hazilingani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 260, inaeleza kwamba neno hilo linajumuisha pia kampuni na chama. Kampuni haina ulimi, hailii wala haioni njaa. Hata hivyo husimama mahakamani kama mtu. Kinyume chake, mtumwa alikuwa na ulimi na machozi, akaweza kusema "mimi" kwa lugha yake, lakini sheria za nchi nyingi zilimhesabu miongoni mwa mali za bwana wake. Sarufi ilimpa nafsi, sheria ikamnyima.

Tutazame mfano wa Kanada. Sheria yake ya msingi ya mwaka 1867 ilimruhusu Gavana Mkuu kuwaita katika Seneti "persons" wenye sifa. Emily Murphy, aliyeteuliwa kuwa hakimu mwaka 1916, pamoja na wanawake wenzake wanne, waliuliza kama wanawake wamo katika neno hilo. Mwaka 1928 Mahakama ya Juu ya Kanada ilijibu kwamba hawamo. Wakakata rufaa London, na tarehe 18 Oktoba 1929 wakashinda. Mwaka uliofuata Cairine Wilson akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika Seneti hiyo. Tuzingatie jambo hili: maneno ya ile sheria yalibaki yale yale. Kilichobadilika ni macho ya waliokuwa wakiyasoma.

Pengine tutajisifu kwamba Kiswahili chetu hakina ubaguzi huo, kwa maana "yeye" ni mwanamume na ni mwanamke. Lakini tujichunguze. Ukoo unapoketi kugawa shamba la marehemu, mjane naye yumo barazani. Twasema: yeye atakaa wapi, yeye atapewa nini. Yupo mbele yetu, nasi tumemweka katika nafsi ya tatu, kana kwamba yuko mbali. Hakuna amgeukiaye na kumwambia, "Wewe, mama, wasemaje?" Asipoambiwa "wewe", atapata wapi nafasi ya kusema "mimi"? Na asiyesikika barazani, ni nani atakayemsikia mahakamani?

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa jumuiya ndogondogo: shauri lolote lisikatwe kabla anayehusika hajaulizwe na kusikilizwa, awe mjane, yatima, mlemavu au mgeni. Sheria njema tuzidai, maana ni ngao ya mnyonge. Lakini sheria husomwa na watu, na aliyezoea kumwita jirani yake "wewe" ataisoma kwa haki.

Tumsifu Yesu Kristo.